Shangazi, Nimekuja Kujifunza Kazi au Kujifunza Kuchoka?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niko nje ya nchi kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki 16 katika maabara ya kupima maji. Hii ni wiki ya sita. Kazi rasmi inaisha saa kumi na moja jioni, lakini mimi huondoka saa mbili usiku kwa sababu sitaki msimamizi akione kiti changu kitupu. Nikifika chumbani simu za nyumbani zinaanza. Kwa tofauti ya saa tuliyonayo, wao ndiyo wanaamka mimi nikitaka kulala. Ijumaa na Jumamosi natoka na wanafunzi wageni wenzangu. Tuko 23 kwenye kundi la WhatsApp na kila wiki kuna mahali pa kwenda.

Jumatatu nafika kazini macho mekundu. Wiki iliyopita nilibandika lebo zisizo zake kwenye sampuli nne, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Cha ajabu, pamoja na kutoka kote huko sina mtu hata mmoja wa kumwambia haya, ndiyo maana nakuandikia wewe. Sasa kundi limepanga safari ya siku nne wiki ya tisa, kurudi ni Jumatatu alfajiri kwa basi la usiku. Niache starehe nikazane na kazi, au nijirushe tu kwa kuwa nafasi kama hii haitarudi?

Mwenye Macho Mekundu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo lebo.

Nianze na saa tatu unazobaki maabara baada ya kazi. Unafanya nini humo? Barua yako imetaja kila kitu mpaka idadi ya watu kwenye kundi, ila hapo imenyamaza, na mimi nimeusikia huo ukimya.

Nami nilifanya mafunzo yangu ugenini, miezi sita kwenye ofisi ya wachora ramani. Mwezi wa kwanza nilikuwa wa mwisho kutoka kila siku. Nilipanga penseli, nikazipanga tena kwa urefu, nikafungua ramani niliyokwisha kuikagua, nikaikagua. Moyoni nilijiona mchapakazi hasa. Jioni moja mzee aliyekuwa akisafisha ofisi akaegemea fagio lake, akaniuliza kwa upole, “Binti, umepoteza ufunguo wa nyumba?” Kumbe wiki zote hizo alikuwa akinihurumia kwamba sina pa kwenda. Na msimamizi wangu? Huyo saa kumi na moja na dakika tano alikuwa keshatoka, anakwenda kumchukua mtoto wake. Hakuwahi kukiona kiti changu jioni, kiwe na mtu au kiwe kitupu.

Sisemi wa kwako yuko vivyo hivyo. Maabara ina saa zake. Sahani ya kuoteshea bakteria iliyowekwa kwenye joto leo husomwa kesho, baada ya saa 24 hivi, wala haijali kama una miadi. Ziko siku utabaki kwa sababu kazi inakuhitaji, na siku hizo ubaki bila kununa. Lakini usibahatishe, muulize. Omba dakika kumi, na isiwe Jumatatu ukiwa na macho hayo. Tangulia na kosa lako: “Zile lebo nne zilikuwa uzembe wangu, sasa nahakiki mara mbili kabla ya kubandika.” Kisha uliza: “Ungependa niwe nimekamilisha nini kabla sijaondoka kila siku?” Sikiliza anachotaja. Akitaja kazi, maliza kazi uende. Akitaja saa, fungua mkataba wako na ile fomu ya chuo yenye malengo ya mafunzo, muisome pamoja. Fomu hiyo iliandikwa kwa ajili ya maongezi kama haya, ingawa wengi wenu huitia saini mkaizika kwenye begi.

Sasa hilo kundi la watu 23. Hapa nina ugomvi nawe kidogo, kwa sababu unaliita starehe, na mimi nikisoma barua yako sioni starehe. Naona kazi ya pili. Unahudhuria.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa utafiti uliouliza swali ambalo sote tulikuwa tunalikisia: inachukua saa ngapi mtu kuwa rafiki? Aliwauliza watu waliohamia mahali papya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, yaani watu wa hali yako kabisa. Alipata makadirio ya saa 50 hivi kutoka kujuana tu mpaka urafiki wa kawaida, kama 90 mpaka kumwita mtu rafiki bila kusita, na zaidi ya 200 kwa yule wa kumwaga moyo. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito wa zile za kupiga soga na kukaa tu bila shughuli.

Chukua kalamu. Umebakiwa na wiki kumi. Tuseme unatoa jioni mbili za saa tatu tatu na saa tano za Jumamosi mchana. Hizo ni 11 kwa wiki, 110 kwa wiki zote. Ukimpa mtu mmoja, una rafiki. Ukiwapa wawili, una marafiki wawili wa kawaida. Ukiwagawia 22, kila mmoja anapata saa tano, na saa tano ni za kujua jina la mtu na anasomea nini. Ndiyo maana umetoka wiki zote hizo na bado unaniandikia mimi, mama wa watu ambaye hujawahi kumwona.

Kwa hiyo wapunguze. Usijitoe kwenye kundi kwa tangazo, hayo ni mambo ya watu wanaotaka kubembelezwa. Chagua tu mmoja au wawili ambao ukiwa nao hujichoshi kuchekesha, uwaombe kitu kidogo kinachojirudia: kutembea kila Jumatano baada ya kazi, kufua pamoja Jumamosi. Mimi wangu nilimpata kwenye chumba cha kufulia. Tulikuwa tunasubiri mashine ile ile moja iliyokuwa ikitetemeka kama ina homa, kila Jumapili saa nne asubuhi, na mpaka leo yeye ndiye mtu wa kwanza nje ya familia kupata habari zangu.

Na mchana unakula wapi? Nina hakika ni mezani pako, macho kwenye skrini. Hamia meza ya wenzako wa maabara walau siku tatu kwa wiki. Hawa ndio wenyeji, ndio watakaokwambia msimamizi yukoje kweli na nafasi za kazi hutangazwa lini. Mwanzoni utakuwa unacheka sekunde mbili baada ya wote kwa sababu ya lugha. Itapita. Mimi nilicheka kwa kuchelewa hadi mwezi wa tatu.

Macho mekundu hayatokani na kutoka, yanatokana na saa za kulala kuhama. Ukilala saa tisa usiku Jumamosi na kuamka saa sita mchana, kisha Jumatatu ukaamka saa kumi na mbili, mwili unahisi kama umevushwa majira ya saa na kurudishwa bila hata kupanda ndege. Mjerumani Till Roenneberg na wenzake waliueleza uchovu huu mwaka 2006. Tiba yake haina siri: hata ukichelewa kulala, usichelewe kuamka zaidi ya saa moja au mbili, na usiku wa Jumapili uwe wa kitanda.

Simu za nyumbani zimenigusa zaidi, maana mimi pia ni mama. Ukipokea kila usiku unakuwa na mguu huku na mguu kule, na kila mazungumzo yanaisha na wewe ukisema uko salama, jambo ambalo si kweli kabisa. Wape siku mbili wanazozijua, kwa mfano Jumatano na Jumapili, kwa saa ambayo wewe hujachoka, hata kama itakuwa asubuhi yako kabla ya kazi na kwao ni alasiri. Siku nyingine watumie sauti ya dakika mbili na picha ya njia unayopita. Mama akijua lini ataisikia sauti yako, anatulia. Kinachomkosesha usingizi ni kutojua. Wiki ya kwanza atalalamika kwamba umebadilika. Vumilia. Na ikiwa nyumbani kuna mgonjwa au jambo zito ambalo hukuliandika, futa aya hii yote, upokee simu.

Safari ya wiki ya tisa, nenda. Ila usirudi na basi la Jumatatu alfajiri ukaingie maabara na miguu iliyovimba. Kwenye zile dakika kumi na msimamizi, omba Jumatatu hiyo mapema, umwambie ni siku gani utaifidia. Akikataa, tafuta basi la Jumapili asubuhi, uwaache wenzako wamalizie siku ya nne, na umwombe yule rafiki wa matembezi ya Jumatano mrudi wote. Saa nyingi kwenye basi, kiti kwa kiti, bila muziki wa kupigiana kelele: hizo nazo zihesabu.