Upepo wa Julai Katika Bwawa la Mtera: Kwa Anayekusudia Kusafiri na Mtumbwi Peke Yake

Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, lilijengwa katika Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji yanayoendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, na linapojaa eneo lake huzidi kilomita za mraba 600. Abiria wa basi la Iringa hulitazama kwa dakika chache tu. Huona maji yametulia na vigogo vya miti iliyokufa vimesimama ndani yake, na ni rahisi kwake kudhani kwamba safari ya siku tatu kwa mtumbwi, huku akilala ufukweni, ni mapumziko mepesi. Mimi nilidhani hivyo, nikaenda peke yangu katikati ya Julai.

Niliingia majini saa 4 asubuhi kwa sababu nilichelewa kufunga mizigo. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akivuta mtumbwi wake nchi kavu, alinitazama nikipakia kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, saa hizi sisi ndiyo tunarudi.” Nilimshukuru na kuondoka, na makosa yangu mengine yote ya siku ile yalitokana na hilo. Kuanzia Juni hadi Agosti nchi yetu ya kati hupigwa na upepo wa kusini-mashariki, na karibu siku zote nilizokaa Mtera ulianza baada ya saa 3, ukakolea kabla ya adhuhuri, usipungue hadi usiku. Haukuja na wingu wala tone la mvua, hivyo kwa macho yangu hakukuwa na dalili ya hatari. Nilipofika katikati ya ghuba pana, mawimbi mafupi yaliyofuatana kwa karibu yalianza kumwagikia ndani ya mtumbwi. Nikipiga kasia, maji yaliongezeka. Nikiyakumba kwa kopo, upepo uliugeuza mtumbwi ukakaa ubavu kwa mawimbi. Kazi hizo mbili zinahitaji watu wawili, nami nilikuwa mmoja.

Nitakaa kidogo juu ya jambo hili. Msafiri wa peke yake kwa kawaida hukaa nyuma, hivyo sehemu ya mbele huinuka, na upepo huishika sehemu hiyo nyepesi na kuisukuma. Tiba yake ni kuhamisha uzito: piga magoti karibu na katikati badala ya kukaa kwenye ubao wa nyuma, weka dumu la maji ya kunywa mbele unapokabili upepo, na ulirudishe nyuma yako upepo unapokusukuma. Mizigo ifungwe kwa kamba chini kabisa, na madumu mawili matupu ya lita 20, yaliyozibwa vizuri, yafungwe moja kila ncha ili mtumbwi ukijaa maji uendelee kuelea. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe muda wote, kwa maana hakuna atakayekurushia. Halafu kuna suala la ukingo. Kwa kuwa upepo unatoka kusini-mashariki, mawimbi makubwa huishia upande wa kaskazini, yaani upande wa Dodoma, ilhali kando ya ukingo wa kusini, upande wa Iringa, maji huwa tulivu zaidi kwa sababu mawimbi hayajapata umbali wa kukua. Utulivu huo nao una hatari yake: upepo wa pale hukusukuma kutoka nchi kavu kwenda kilindini, na ukijisahau mita mia mbili tu unaweza kushindwa kurudi. Siku hizi hufuata ukingo huo nikiwa karibu kiasi cha kuona mawe ya ufukweni, isipokuwa mahali wanapolala viboko, ambapo huwazunguka kwa mbali kukiwa shwari au huacha kabisa kupita.

Siku ile nilisukumwa hadi kaskazini, nikapita katikati ya visiki, ambavyo vingi hufichwa na maji kwa kimo cha shubiri moja tu, na nikafika nchi kavu nikiwa nimelowa mwili mzima. Hapo ndipo nilipoielewa baridi ya Julai. Kila aliyekulia Dodoma anaujua mtungi: maji yake hupoa kwa sababu unyevu unaopenya kwenye udongo hukaushwa na upepo, na unapokauka huondoka na joto. Mwili uliolowa hupoa kwa namna hiyohiyo, na hewa yetu ya kipupwe, kwa kuwa ni kavu mno, huuharakisha upoaji huo hata jua likiwaka. Joto la mwili wa binadamu ni takriban nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mikono hupoteza ustadi na akili huanza kuzubaa bila mwenyewe kutambua. Nilivunja njiti sita za kiberiti kwa kutetemeka. Kisha nikaketi mchangani nikiwaza kwamba nipumzike kwanza, wazo ambalo sasa naamini lilikuwa dalili ya hatari yenyewe.

Kilichoniokoa ni sweta la sufu la mitumba na blanketi, vilivyokuwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa huendelea kukupoza hadi zikauke. Sufu hubakiza joto hata ikiwa na unyevu. Ukifika ufukweni umelowa, vua kila kitu kabla ya jambo jingine lolote, vaa nguo kavu, jikinge nyuma ya mwamba, tafuna karanga na zabibu kavu, ndipo ushughulike na moto na uji wa ulezi.

Kuhusu kambi, tafuta kwanza njia za viboko: mifereji iliyolainishwa kwa kukanyagwa, yenye kinyesi kilichotapakaa vichakani. Wanyama hawa hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi kabla ya mapambazuko, na anayekaa kati yao na maji yumo hatarini zaidi kuliko mahali pengine popote. Lala juu, penye mawe, mlango wa hema ukiupa upepo kisogo. Chota maji mchana kwa ndoo yenye kamba, na usirudie mahali palepale, kwa sababu mamba huzoea ratiba yako. Ratiba ya safari nayo hubanwa pande zote mbili: huwezi kuondoka gizani kwa sababu ya viboko wanaorejea, wala huwezi kuchelewa kwa sababu ya upepo. Jua la Julai huchomoza karibu na saa 1, hivyo siku nzima inakupa saa mbili za kupiga kasia, labda tatu, ambazo kwangu ni kama kilomita 10. Anayepanga 20 amepanga kukutana na kimoja kati ya hivyo viwili.

Kabla ya kuondoka, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wavuvi, uwaachie karatasi yenye siku na saa ambayo wasipokuona waanze kukutafuta. Simu ya kitochi, inayokaa na chaji kwa siku kadhaa, inafaa kuliko ile kubwa, ingawa kuna maeneo ambayo haitashika mtandao.

Alfajiri ya siku yangu ya mwisho upepo haukuwa umelala. Nilikuwa na kazi mjini kesho yake, na mtumbwi ulikuwa umeshapakiwa. Niliteremsha kila kitu, nikapika uji, nikakaa nyuma ya mwamba mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa shwari, nikafika kwa wavuvi saa 3 kasoro robo, wakati mitumbwi yao nayo inarejea. Tangu hapo kila ninapoomba likizo ya siku tatu kwa ajili ya Mtera huomba nne, na hubeba chakula cha siku tano.