Pikipiki Ukubwani: Tutacheka au Tutachekwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tumevuka miaka hamsini na tunaendesha pikipiki kubwa kila mwisho wa juma. Tunaisubiri kwa hamu filamu ya vichekesho ya Wild Hogs, itakayoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 2 Machi 2007, lakini mke wangu anasema tunakwenda kulipa kiingilio ili tuchekwe. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kiasi kikubwa mkeo amesema kweli, na nisingependa uende ukitarajia kusifiwa. Hadithi yenyewe ni ya marafiki wanne wa Cincinnati, waliochoshwa na kazi na mambo ya nyumbani, ambao wanafunga safari ya pikipiki kuelekea pwani ya Pasifiki na njiani wanakorofishana na genge la waendeshaji wakorofi. Wanaigizwa na Tim Allen, John Travolta, William H. Macy na Martin Lawrence, na ukimwondoa Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1965, wote ni wa rika lenu, hivyo hawatahitaji kufundishwa namna ya kushika kiuno kinachouma.

Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ilimpa mwendesha pikipiki sura ya kijana asiyefungwa na lolote, na wengi wenu, nadhani, mliinunua sura hiyo pamoja na koti la ngozi. Utani wote umo hapo, kati ya koti na aliyelivaa.

Binafsi sisubiri mbio wala ngumi, bali vituko vya mwendo mdogo. Pikipiki nzito, na zipo zinazozidi kilo 300, haisumbui ikiwa katika mwendo, lakini ikisimama uzito wote humwelemea mwenyewe: mguu unateleza kwenye kokoto, chombo kinalala taratibu, naye bado ameng'ang'ania usukani huku watu wakimtazama. Aliyewahi kuinyanyua kwa kuipa mgongo na kujisukuma kwa miguu atacheka kuliko wote ukumbini.

Hata hivyo, mwongozaji Walt Becker akitegemea maanguko peke yake, atatuchosha mapema. Mengi yatategemea Ray Liotta, anayeigiza kiongozi wa genge, kwa kuwa akitisha kwelikweli, woga wa wale wanne utachekesha, ila naye akifanya mzaha, hapatakuwa na wa kumwogopa wala cha kuchekea.