Nimeambiwa Nirudie Altrasaundi: Je, Nafichwa Jambo?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mkaazi wa Micheweni, Pemba, na hii ni mimba yangu ya tatu. Katika wiki ya 20 nilipigwa altrasaundi nikaambiwa mtoto yu salama ila kondo la nyuma limekaa chini, hivyo nirudi nikifika wiki ya 32. Mume wangu anakhofia mionzi itamdhuru mtoto, na mama mkwe anasema nafichwa ugonjwa. Kwa nini nirudie?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kwa maelezo yako sioni dalili ya kufichwa jambo. Hilo uliloambiwa ndilo linalokurudisha. Katika wiki ya 20 mfuko wa uzazi bado ni mdogo, na si ajabu kondo kuonekana karibu na mlango wa kizazi. Kadiri mimba inavyokua, sehemu ya chini ya mfuko hurefuka, na kondo, ingawa halibanduki pale liliposhika, husogea juu pamoja na ukuta wa mfuko. Kwa wanawake walio wengi hali hii hujirekebisha yenyewe kabla ya kujifungua, lakini hatuwezi kujua kama nawe umo miongoni mwao mpaka utazamwe tena. Likikutwa bado liko chini, kwa kawaida hutazamwa tena karibu na wiki ya 36. Na likiwa limeziba mlango, mama hujifungua kwa upasuaji, kwa sababu uchungu ukianza huweza kutoka damu nyingi mno. Kwa mtu anayeishi Micheweni, kulijua hilo mapema, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta gari na watu wa kuchangia damu, ni bora sana kuliko kulijua usiku wa manane.

Mwambie mumeo kwamba altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, wala si mionzi ya eksirei, na haijathibitika kumdhuru mtoto inapofanywa na mtaalamu kwa sababu ya kitabibu. Nisichokiunga mkono ni kurudia kipimo kwa hamu tu ya kujua ni mwana wa kike au wa kiume.

Wapo wanaorudishwa kwa sababu nyingine, kama vile mapacha, maji ya uzazi kuwa machache, au mtoto kulala vibaya siku ya kipimo hata moyo wake usionekane vyema. Ukuaji nao haujulikani kwa kipimo kimoja: hicho huonesha ukubwa wa siku ile tu, na ndiyo maana vipimo viwili hulinganishwa vikiwa vimeachana angalau wiki 2. Usishtuke tarehe ya kujifungua ikibadilika kwenye karatasi mpya, kwani altrasaundi ya miezi ya mwisho huweza kukosea hata wiki 3. Tarehe ya kutegemewa ni ile ya kipimo cha mapema, na kwa hivyo karatasi ya mwanzo uiweke ndani ya kadi ya kliniki na uende nayo.

Ukiona damu kabla ya siku hiyo, hata kidogo na hata bila ya maumivu, nenda hospitali saa ile ile, useme mapema kwamba kondo lako liko chini, na usimruhusu mkunga wa mtaani akupime kwa kuingiza vidole.