Gari inaleta kodi ya hitilafu U0100, usibadilishe kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwanza

Ndugu, umesema gari inazima ghafla, taa zote za dashibodi zinawaka na mashine ya kusomea hitilafu inaonyesha U0100, na fundi anataka ununue boksi mpya ya injini. Nakuomba subiri kwanza. Hiyo kodi inasema tu boksi zingine hazisikii boksi ya injini, haisemi imekufa, inaweza ikawa imekosa moto (umeme) au eathi tu, kwa hiyo anza na betri, fyuzi na waya za eathi, hapo ndo wengi wanaruka.

Kama hapo pako sawa toa terminali ya betri, subiri dakika kadhaa boksi zilale, halafu chukua mita upime omu kati ya pini 6 na 14 kwenye ile soketi ya kuchomekea mashine, hizo ndo waya mbili za laini ambayo boksi zinaongelea. Gari nyingi zinatakiwa zisome kama 60, maana kuna rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa laini. Ukipata 120 ujue waya umekatika sehemu au rezista moja haipo, ukipata karibu na 0 waya mbili zimegusana au kuna boksi imeshoti ndani, hapo unachomoa boksi mojamoja huku unaangalia mita mpaka namba ibadilike. Na kanekta zichungulie vizuri jamani, maji na kutu ya kijani vinasumbua sana. Ikisoma 60 na tatizo linakuja na kuondoka, tikisa waya taratibu mita ikiwa imeshikilia.