Gari la wazi likizeeka, paa ndilo linalotaja bei

Msomaji mmoja ana Mazda MX-5 ya mwaka 1999, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa. Ameitangaza kwa bei aliyoipata kwa kujumlisha risiti zake: rimu mpya, redio, ekzosi, mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Turubai lina ufa kwenye mkunjo, matairi ni ya zamani, na simu hazipigwi. Anauliza kama wanunuzi wa siku hizi hawajui tena thamani ya gari.

Wanaijua, tena wanaijua vizuri kuliko muuzaji anavyodhani. Mnunuzi wa gari la paa la kukunja lenye miaka zaidi ya 20 halipii ulichotumia. Analipia gari lilivyo leo, kisha anapunguza kila atakachotakiwa kukitengeneza baada ya kuondoka nalo. Na mahali pa kwanza anapopeleka macho ni paa, halafu mabati yaliyo chini ya paa hilo, maana maji yakipita juu yanaishia chini.

Anza kwa kulijua gari lako kwa usahihi, kwa sababu majina ya magari haya yanafunika tofauti kubwa. MX-5 ya kizazi cha kwanza, yenye taa za kuinuka, ilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997. Ya pili iliishia 2005. Ya tatu, hadi 2015, ilipata pia toleo la paa gumu la umeme. Hayo ni masoko matatu tofauti, na ndani ya kila moja kuna injini, gia na matoleo maalumu. Mwaka 1999, kwa mfano, lilitolewa toleo la kuadhimisha miaka 10, magari 7,500 ya rangi ya buluu yenye gia 6. Mwenye gari hilo akijilinganisha na MX-5 ya kawaida anajipunja, na mwenye la kawaida akijilinganisha na hilo anajidanganya. Soma namba ya chesi, soma kibandiko cha kiwandani, na usitegemee maneno ya aliyekuuzia.

Kisha kusanya bei. Tafuta matangazo 10 au zaidi ya gari la kizazi chako, injini yako, gia za aina yako, na kilomita zisizopishana na zako kwa zaidi ya 30,000 hivi. Kwa MX-5 kazi hii ni rahisi, kwani zaidi ya milioni moja zimetengenezwa. Kwa gari adimu utapata matatu au manne. Hapo tazama zaidi bei zilizofikiwa kwenye minada, ambako nyundo imeshagongwa. Bei ya tangazo ni ombi tu. Yafuatilie matangazo hayo kwa wiki tatu. Linalotoweka mapema lilikuwa na bei inayokubalika. Linalobaki pale pale na picha zile zile halikufundishi bei, linakufundisha kosa. Ondoa mawili ya juu kabisa na mawili ya chini kabisa, panga yaliyobaki, na chukua bei iliyo katikati. Usichukue wastani, kwa kuwa gari moja la maonyesho linatosha kuupandisha. Halafu punguza sehemu ya kumi, maana katika magari ya umri huu karibu kila mtu hushuka kidogo mbele ya mnunuzi.

Bei ya bima iweke kando. Imepangwa kwa ajili ya fidia, si kwa ajili ya soko. Bei anayokutajia mfanyabiashara wa magari nayo ina faida yake na hofu yake ndani. Ichukue kama sakafu ambayo hupaswi kwenda chini yake ukiuza mwenyewe.

Sasa paa, na hapa usiwe na haraka. Turubai ni la vinaili au la kitambaa kizito. La kitambaa hudumu na hupendwa zaidi, kwa hiyo taja ni lipi. Lifunge, kisha pitisha vidole kwenye mishono na kwenye mikunjo iliyo juu ya vioo vya milango, mahali ambapo chuma cha fremu husugua kila paa linapokunjwa. Nyuzi zilizokwisha huonekana kama ukungu mweupe kabla hazijachanika. Dirisha la nyuma likiwa la plastiki, kama kwenye MX-5 ya kwanza, BMW Z3 na Porsche Boxster za kabla ya 2003, angalia kama limegeuka njano au lina mistari ya mkunjo. Plastiki ikizeeka hupasuka kirahisi wakati wa baridi. La kioo lina nyaya za joto. Ziwashe uone kama zinafuta ukungu.

Baada ya hapo mwaga maji. Tumia mpira wa bustani wenye msukumo mdogo, si mashine ya presha, kwa sababu presha hupenyeza maji hata pasipovuja. Anzia chini ya kioo cha mbele, panda taratibu, maliza kwa dirisha la nyuma, dakika 10 kwa jumla, huku mtu akiwa ndani na karatasi laini akigusa pembe zote. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi. Kisha ingiza mkono chini ya kapeti nyuma ya viti. Kapeti kavu juu lenye sifongo lililoloa chini ni jambo la kawaida sana, na harufu yake hujulikana mara mlango unapofunguliwa.

Kwenye MX-5 kuna mfereji nyuma ya viti unaopokea maji ya turubai na kuyapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, yanayotokea chini mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi huyaziba. Mimina nusu lita ya maji kila upande. Yakitoka chini mara moja, vizuri. Yakichelewa, yamekuwa yakikaa ndani ya mabati yaliyo chini ya milango, na kutu imekuwa ikila kutoka ndani kwenda nje. Ukiona malengelenge ya rangi mbele ya gurudumu la nyuma, bati la ndani kwa kawaida limeshatoboka. Hili si suala la sura. Gari lisilo na paa la chuma linategemea mabati hayo kubeba uzito na kuzuia bodi isijikunje, na fundi mwaminifu atakata na kuchomelea mabati ya nje na ya ndani. Kupaka puti na rangi juu ya shimo hilo ni kumwekea mtu mwingine hatari, na mnunuzi mwenye sumaku au kipima unene wa rangi atajua kwa dakika moja. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 80 na 150. Penye puti kipimo huruka hadi mamia mengi. Kwa kizazi cha pili, piga tochi pia kwenye reli za chesi za mbele, ambazo bati lake ni la tabaka mbili na unyevu hukwama katikati.

Paa la umeme, liwe gumu au la turubai, lina hesabu yake. Mercedes-Benz SLK ya kwanza, ya 1996 hadi 2004, hukunja paa lake gumu kwa takriban sekunde 25. Likichukua muda mrefu zaidi, au likasita katikati, kuna pampu iliyochoka, oili ya haidroliki iliyopungua, au swichi isiyotoa taarifa. Lifungue na kulifunga mara kadhaa, injini ikiwa baridi na tena ikiwa imepata moto. Kwenye Mercedes-Benz SL ya 1989 hadi 2001, gusa ukingo ulio juu ya kioo cha mbele: matone ya oili hapo ni sili, yaani raba za kuzuia uvujaji, za silinda za haidroliki zilizokwisha. Silinda hukarabatiwa kwa kubadilishwa sili, na hiyo ni nafuu kuliko silinda mpya, lakini mnunuzi atahesabu silinda zote, kwani zote zina umri mmoja. Kwenye Boxster ya kwanza, matundu ya maji yakiziba, maji yanaweza kufika kwenye kisanduku cha elektroniki kilicho chini ya kiti, na gari likagoma kabisa kuwaka. Paa lisilofanya kazi hushusha bei zaidi ya gharama ya kulitengeneza, kwa sababu mnunuzi hajui tatizo liko wapi, na asichokijua hukihesabia kwa gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo lipeleke kwa fundi apime na aandike tatizo ni nini kabla hujatangaza.

Mengine yanakwenda haraka. Tairi lina tarakimu nne pembeni: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la zaidi ya miaka 10 halina thamani hata likiwa na meno mazuri. Kilomita chache si sifa peke yake. Gari lililolala miaka huwa na raba zilizokauka, breki zilizoshika na petroli iliyoharibika. Gari lililotembezwa kila mwaka na lenye daftari la matengenezo hushinda lile lililofunikwa gereji bila kuguswa.

Sasa hesabu, kwa sarafu yoyote ile. Tuseme MX-5 ya msomaji wetu: matangazo 11, yameondolewa manne, na bei ya katikati ya saba yaliyobaki ni 5,500. Toa sehemu ya kumi, inabaki 4,950. Hiyo ni bei ya gari la hali ya kawaida kwa umri wake. Kumbuka neno kawaida, maana wengi hukosea hapa: magari yale saba nayo yana mikwaruzo na viti vilivyochakaa, kwa hiyo usipunguze tena kwa mkwaruzo wa bampa. Punguza tu pale gari lako lilipo chini ya wenzake.

Turubai lililopasuka: fundi ameandika 900 pamoja na kazi. Toa zote. Matairi yaliyopita umri: 320, toa zote, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuyatumia kwa usalama. Shokomzoba zilizolegea lakini zisizovuja: 400, toa nusu, yaani 200, kwa sababu zinaweza kusubiri. Jumla ni 1,420, na bei inashuka hadi 3,530. Upande wa kuongeza, mkanda wa taimingi na pampu ya maji wenye risiti ya karibuni uligharimu 450. Ongeza nusu, 225, kwa kuwa unamwondolea mnunuzi gharama ambayo angeidai kwenye magari mengine. Redio haiongezi kitu. Rimu na ekzosi zisizo za kiwandani mara nyingi hupunguza; kama za asili bado unazo, zirudishe na uuze hizo mpya peke yake. Paa gumu la kubandika, lile linalotolewa kwa mkono, nalo lina soko lake, na likiuzwa kando mara nyingi huleta zaidi kuliko likifungwa pamoja na gari.

Tunapata 3,755. Lenga 3,750, tangaza 3,990, na andika kwenye karatasi, kabla mtu wa kwanza hajaja, kwamba hutashuka chini ya 3,500. Nambari iliyoandikwa mapema haitikisiki mbele ya mtu aliyekuja na noti mkononi.

Je, ubadilishe turubai kwanza? Kama mabati ni mazima na fundi ni wa kazi hiyo, ndiyo, kwa sababu paa lililopasuka huwafukuza hata wale ambao wangelipa vizuri. Kama kuna kutu chini, hapana. Pesa hiyo haitarudi. Turubai la bei rahisi lililofungwa na asiyejua hujikunja vibaya na kuvuja pembeni, na gari huishia na thamani ndogo kuliko lilivyokuwa na ufa. Gundi na utepe usiweke kabisa. Bora kuuza na ufa huku umeshika karatasi ya fundi.

Yote uliyoyakuta yaandike kwenye tangazo: ufa, umri wa matairi, shokomzoba. Piga picha ya ufa na ya mabati ya chini. Umeshayatoa kwenye bei, kwa hiyo huna cha kuficha, na anayekuja kudai punguzo kwa ajili ya turubai umwonyeshe hesabu. Kumficha mtu kutu ya mahali panapobeba gari ni dhuluma, na haipungui udhuluma kwa sababu nawe uliuziwa hivyo hivyo.

Wakati nao una bei. Gari la wazi hutafutwa majira ya joto yanapoanza, na husahaulika mvua na baridi zikishika. Ukiweza kungoja, ngoja, mradi liwe mahali pakavu na matundu yake yamezibuliwa. Ukilazimika kuuza msimu mbaya, tegemea kushuka hadi kiwango chako cha chini bila kulaumu wanunuzi.

Tangazo likikaa wiki mbili bila simu, tatizo ni bei au picha: piga picha upya paa likiwa limefungwa na likiwa limefunguliwa, kisha shusha mara moja kwa asilimia 5, si kidogo kidogo kila siku. Simu zikija na watu wakaliona gari kisha wakaondoka kimya, bei haina kosa. Kuna kitu wanakikuta ambacho tangazo halikukisema, na kazi yako ni kurudi chini ya kapeti na tochi.