Maswali ya Wasomaji: Pesa za Serikali kwa Wanafunzi wa Vyuo vya Ufundi Huhesabiwaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu mkubwa alisomea ushonaji, ngazi ya cheti, katika chuo cha ufundi cha umma kuanzia mwaka 2020. Mdogo wake aliingia chuo kicho hicho mwaka 2024 kusomea uchomeleaji wa vyuma. Taarifa zao za karo hazifanani hata kidogo, ingawa chuo ni kimoja na mzazi ni mmoja. Muhula uliopita kijana alirudishwa nyumbani wiki tatu, na tulipouliza tuliambiwa kwamba pesa ya serikali haijaingia. Sehemu yangu nimelipa na risiti ninazo. Pesa hiyo huhesabiwa kwa njia gani, hulipwa lini, na ikichelewa ni deni la nani? — *Mama wa wanafunzi wawili, Voi*

JIBU: Mama, pole kwa usumbufu, na asante kwa kutuletea nakala za taarifa zote mbili, kwa maana nimeziweka hapa mezani ubavu kwa ubavu na tofauti unayoisema inaonekana tangu mstari wa kwanza.

Tuanze na ya binti. Katika safu ya madai imeandikwa karo ya mwaka mzima, shilingi 56,420, na katika safu ya malipo yapo maandishi ya serikali yenye shilingi 30,000, ndiyo pesa ambayo vyuoni huitwa kapitesheni, yaani mgao wa serikali kwa kila kichwa. Kilichobaki kwa mzazi ni shilingi 26,420. Utaratibu huo ulianza katika mwaka wa fedha wa 2018/2019, serikali ya Kenya ilipoamua kuweka kiwango kimoja cha karo kwa vyuo vya ufundi vya umma ili kijana asikwepe ufundi kwa sababu ya gharama. Aliyeshindwa na zile 26,420 aliweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, uliofika shilingi 40,000 kwa mwaka. Ukitoa karo iliyobaki katika mkopo huo, mwanafunzi alisalia na shilingi 13,580 za chakula, kodi ya chumba na nauli.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: idadi ya wanafunzi mara shilingi 30,000. Haikuuliza kama mzazi ni mkulima wa mahindi au ni mfanyabiashara mwenye maduka matatu, wala haikuuliza kama mwanafunzi anashona nguo au anachomelea vyuma, ijapokuwa fundi anayejifunza kuchomelea humaliza pakiti za elektrodi na kutafuna umeme kwa kiasi ambacho cherehani haikifikii. Hapo ndipo wakuu wa vyuo wengi walipolalamika, na naona walilalamika kwa haki, kwa sababu kiwango kimoja kwa kozi zote humsukuma mkuu wa chuo kufungua madarasa yasiyohitaji mashine na kuacha yale ambayo nchi inayahitaji zaidi.

Lakini wepesi wa hesabu haukumaanisha wepesi wa malipo. Chuo hupeleka orodha ya wanafunzi wake kwa Idara ya Serikali inayosimamia mafunzo ya kiufundi, na katika orodha hiyo kila jina lina namba ya kitambulisho au ya cheti cha kuzaliwa, kozi, na tarehe ya kujiunga. Bunge nalo hupitisha fungu la pesa katika bajeti. Orodha ikiwa ndefu kuliko fungu, na idadi ya wanafunzi katika vyuo hivi imekuwa ikipanda kwa kasi kuliko bajeti, kinachofika chuoni hupungua. Chukua mfano wa chuo chenye wanafunzi 400. Kwa kiwango kamili kilistahili shilingi milioni 12. Tuseme kimepelekewa milioni 9. Pesa hiyo ikigawanywa sawasawa, kila mwanafunzi anapata shilingi 22,500 badala ya 30,000, na shilingi 7,500 zilizopungua zinabaki zikining'inia katika taarifa ya karo kana kwamba ni deni la mzazi.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo wazazi wachache huelezwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ilhali vyuo vina mihula mitatu na hupokea wanafunzi wapya Januari, Mei na Septemba. Mwanafunzi aliyejiunga Septemba anahesabiwa baada ya bajeti kupitishwa Juni, kwa hivyo serikali ilipokuwa ikipanga fungu la mwaka huo jina lake halikuwepo. Bajeti ikishapita, pesa hazitoki kwa siku moja. Kila zinapohitajika, Hazina ya Kitaifa huomba idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye kwa mujibu wa Kifungu cha 228 cha Katiba ndiye anayeruhusu pesa kutolewa katika mfuko mkuu wa taifa; kisha zinakwenda kwa Idara ya Serikali, na kutoka huko zinaingia katika akaunti ya chuo. Mapato ya kodi yakiwa haba katika robo fulani ya mwaka, Hazina hutanguliza mishahara na ulipaji wa madeni, na mgao wa wanafunzi husubiri. Kwa hiyo ofisi ya fedha ikisema pesa haijaingia, mara nyingi inasema kweli, na mkuu wa chuo naye yuko katika dhiki ile ile, maana walimu wa muda walioajiriwa na bodi ya chuo hulipwa kutoka akaunti hiyo hiyo, na kampuni ya umeme haingoji robo ya mwaka.

Sasa tuitazame taarifa ya kijana. Hapa karo ni shilingi 67,189, na zile 30,000 hazimo. Mwezi Mei 2023 serikali ilitangaza mtindo mpya wa ufadhili kwa wanafunzi waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2022 na waliowafuata, huku waliotangulia wakiendelea na utaratibu wa zamani. Katika mtindo huu kila mwanafunzi hupimwa peke yake. Anajaza maombi mtandaoni, na majibu yake yanapitishwa katika kipimo cha uwezo wa familia kinachoangalia mapato ya wazazi, idadi ya watoto na jinsi familia ilivyo, gharama ya elimu ambayo familia inabeba tayari, ulemavu, jinsia, aina ya kozi, na kama anatoka sehemu iliyoachwa nyuma kimaendeleo. Matokeo yake ni vipande vitatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo unaorudishwa, na sehemu ya familia. Ufadhili haupiti mkononi mwa mwanafunzi kamwe. Huenda chuoni moja kwa moja.

Ndiyo sababu, Mama, taarifa hizi mbili hazifanani, na ndiyo sababu kijana wa jirani yako anayesoma darasa moja na wako anaweza kupewa kiasi tofauti. Cha kuangalia kwanza ni kama kijana aliomba. Katika utaratibu wa binti, kuandikishwa kulitosha, kwa kuwa mgao ulifuata jina lililo katika orodha ya chuo. Katika utaratibu wa sasa, asiyejaza maombi hana kiwango alichopangiwa, na chuo kitamdai shilingi 67,189 zote. Nimekutana na wazazi waliodhani mtoto akishapangiwa chuo na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, basi maombi ya pesa yamekwisha, kumbe hayo ni mambo mawili yanayofanywa mahali pawili. Cha pili ni namba. Katika nakala uliyotuma, namba ya kitambulisho cha kijana iliyoandikwa juu ya taarifa ina tarakimu saba, wakati ile iliyo kwenye risiti zako ina nane. Huenda ni kosa la kuchapa tu, lakini mfumo unaolinganisha namba hauwezi kubahatisha ni tarakimu gani iliyoanguka, na pesa iliyotumwa kwa namba moja haitaonekana katika jina lenye namba nyingine. Nenda na kitambulisho chenyewe kwa msajili wa chuo, isahihishwe mbele yako, kisha uombe taarifa mpya.

Kuhusu deni ni la nani, nitasema ninavyoamini. Sehemu ya familia ni yako na umeilipa. Ufadhili ambao serikali imekwisha kumwandikia kijana kwa kiwango kinachojulikana ni ahadi ya serikali kwa chuo, na si haki mtoto akae nyumbani wiki tatu, akikosa karakana, kwa ahadi ambayo si yeye aliyeitoa. Omba taarifa inayotenganisha vipande vyote vitatu, kila kimoja na mstari wake, uiambatishe na risiti zako na barua kwa mkuu wa chuo, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina uzito ambao mazungumzo ya dirishani hayana. Ukiona kijana amepangiwa kiwango cha familia yenye uwezo kuliko mlio nao, ruhusa ya kukata rufaa ipo, na rufaa hiyo hufanywa mtandaoni kwa vielelezo.

Huenda pia umesikia habari ya kesi iliyopinga mtindo huu mahakamani. Ni kweli kwamba Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mtindo huo mpya, katika kesi iliyohusu vyuo vikuu, unakwenda kinyume na Katiba, na kwamba Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Usiache kuomba kwa sababu ya kesi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni meneja wa kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho chini ya kaunti, vile ambavyo zamani tuliviita polytechnic za vijijini. Vijana wetu wengi hawakumaliza sekondari, na sisi ndio tunaoanza nao useremala na uashi. Tulikuwa tunapata shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Siku hizi fungu hilo silioni. Nani alituondolea? — *Meneja, Kwale*

JIBU: Mwalimu, fungu hilo halikufutwa, lilichanganywa na mengine, na pesa ikishachanganywa hupotea machoni mwa aliyeandikiwa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vituo kama chako chini ya serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo hukupata kamwe zile 30,000 za vyuo vya kitaifa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018 serikali ya kitaifa ilitenga ruzuku yenye masharti kwa ajili ya vituo vya kaunti, shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, nusu ya alichokuja kuandikiwa mwenzake wa chuo cha kitaifa mwaka uliofuata. Pesa hizo zilipita katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, lakini kwa kuwa zilikuwa na masharti, gavana hakuweza kuzipeleka kwenye barabara.

Mwaka wa fedha wa 2021/2022 mgao wa jumla wa kaunti zote ulipandishwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, na ndani ya ongezeko hilo kulikuwa na ruzuku kadhaa za masharti zilizovunjwa na kutiwa katika kapu moja, ya kwenu ikiwemo. Tangu hapo hakuna mkono wa kitaifa unaoilazimisha kaunti kutoa 15,000, wala 10,000, wala chochote kwa kichwa. Kila kaunti huamua katika bajeti yake. Sikubaliani na namna jambo hili lilivyofanywa, kwa kuwa waliopoteza kinga ni vijana wasio na alama za mtihani za kuwatetea, ambao hawana chuo kingine cha kukimbilia.

Hata hivyo kapu hilo lina milango yenye tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na sheria inadai wananchi washirikishwe. Meneja anayefika mwezi Mei na malalamiko amekuta viwango vimeshapangwa. Peleka Januari karatasi moja yenye idadi ya vijana kwa kila fani, gharama ya mbao, simenti na zana kwa kila mmoja, na kiasi mlichopokea tangu ruzuku ivunjwe. Uipeleke kwa afisa wa elimu wa kaunti na kwa mwakilishi wa wadi yako. Ombi lenye gharama ya kila kichwa linaweza kuingizwa katika waraka likawa kiwango. Ombi la kusaidiwa kwa jumla halina pa kuingizwa.

SWALI: Nilipata D katika KCSE na ninasomea ufundi wa magari, ngazi ya cheti. Je, nikiacha masomo njiani, mkopo wa HELB unafutwa? — *Mwanafunzi, Nakuru*

JIBU: La, mdogo wangu. Ufadhili hautadaiwa, lakini mkopo ni deni lako, umalize usimalize. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Anayemaliza masomo huanza kulipa baada ya mwaka mmoja, na anayekaa kimya hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, ambayo kwa mkopo wa shilingi 40,000 hulipita deni lenyewe katika mwezi wa tisa. Ukiona huna budi kusimama, usiondoke tu. Mwandikie msajili kuahirisha masomo kabla muhula haujaanza, na uwaarifu HELB kwa maandishi tarehe uliyosimama, ili muhula ambao hukukaa darasani usilipiwe kwa jina lako.