Nembo kwenye saini ya barua pepe: kwa nini unaiona wewe tu

Mkuu, umesema nembo ya kampuni kwenye saini ya barua pepe unaiona wewe tu, wateja wanapata kisanduku kitupu chenye alama ya X. Jambo hilo limenisumbua sana kwenye ofisi ya wakala wa forodha ninayofanyia kazi hapa Tanga, kwa hiyo nakueleza tulivyolimaliza.

Mara nyingi tatizo ni mahali picha ilipo. Sisi tuliihifadhi Google Drive, tukachukua kiungo chake tukakiweka kwenye saini. Ofisini ilionekana vizuri, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameingia kwa akaunti ya kampuni. Mteja wa nje hana ruhusa ya faili lile. Fungua kiungo cha picha yako kwenye simu ya mtu mwingine. Kikigoma, ugonjwa ni huo. Dawa yake ni kuiweka nembo kwenye tovuti ya kampuni, anwani ianze na https, na ukishaiweka usiihamishe, maana hata barua za mwaka jana zinaichukua hapo hapo.

Wapo watakaokushauri uipachike ndani ya barua yenyewe. Inaonekana, sawa, lakini inasafiri kama kiambatisho, na programu nyingi zitaonyesha alama ya klipu hata kama umeandika "Asante, nimepata" tu. Kazi yetu sisi ni makaratasi: ankara, hati ya shehena, vibali. Mteja wetu mmoja wa mkonge alikuwa akitafuta hati ya shehena, anafungua barua moja baada ya nyingine, kila moja anakuta image001.png, yaani nembo yetu. Alinipigia simu amechoka kabisa, na haki ilikuwa yake. Siku ile ile nikaiondoa.

Kuigeuza picha kuwa maandishi ya base64, yaani msururu mrefu wa herufi unaobandikwa ndani ya saini, usihangaike nako. Gmail haiionyeshi, na saini ya Gmail yenyewe mwisho ni herufi 10,000.

Kiungo nacho kina kasoro yake. Gmail tangu mwisho wa 2013 hufungua picha bila kuuliza, lakini Outlook kwa kawaida huizuia mpaka mpokeaji airuhusu. Ndiyo maana nasisitiza: usitie ndani ya picha kitu ambacho mteja atakihitaji. Bosi wetu alitengenezewa saini nzima kama picha moja, jina, cheo na namba za simu humo humo. Ilipendeza kweli. Basi dereva wa lori kutoka Korogwe akafika getini saa tatu asubuhi, mkononi ana simu yenye barua yetu aliyotumiwa na tajiri yake, picha imekataa kufunguka, na namba ya karani wetu imo ndani ya picha. Alikaa juani mpaka saa saba mchana. Mpaka leo linaniuma. Tena hata ingefunguka, namba iliyochorwa huwezi kuigusa ikapiga. Jina, cheo, simu na anwani viwe maandishi. Picha iwe nembo peke yake.

Nembo ihifadhi kama PNG, aina ya kawaida ya faili la picha, si SVG, picha inayochorwa kwa msimbo, maana Gmail haionyeshi SVG. Yetu ina upana wa pikseli 300 lakini kwenye msimbo wa saini (HTML) nimeandika width="150", hivyo inatoka safi kwenye skrini za simu za siku hizi. Upana huo uandike kwenye tagi ya img yenyewe, ile inayoita picha, usitegemee CSS, yaani maelekezo ya mwonekano yanayoandikwa kando: Outlook ya Windows ya kawaida (classic) tangu toleo la 2007 ilianza kuonyesha barua kwa injini ya Word, nayo hupuuza mengi ya CSS. Yetu ya kwanza ilitoka kubwa ikajaza skrini. Kwenye alt, maneno ya akiba ya picha ndani ya tagi hiyo hiyo, weka jina la kampuni, ili picha ikizuiwa jina lisomeke.

Ukimaliza, jitumie barua Gmail na Outlook, kisha mwombe mtu asiye wa ofisini kwenu aifungue kwa bando la simu. Nembo yetu ilikuwa kilobaiti 400 ikawa inachelewa kutokea. Niliipunguza hadi 12.